Maneno Aliyoambiwa Bi Mwanamkuu

Recheli alipopewa uinchaji, yaani usimamizi, wa wodi ya wazazi, ndugu zake wa Sikonge walimpigia simu mmoja baada ya mwingine kumpongeza, naye aliwajibu kwa sauti ndogo mpaka shangazi yake akakata simu, akidhani mtandao unasumbua. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, na hivyo ndivyo alivyokuwa tangu utotoni. Kwenye kwaya ya kanisa la Moravian alisimama mstari wa nyuma. Darasani alijua jibu akanyamaza, akasubiri mwingine alitoe. Akikuta watu wawili wanazungumza mlangoni, hakusema samahani wala nipisheni. Alisimama pembeni na mzigo wake mkononi mpaka wamalize.

Kituo chenyewe kilikuwa cha binafsi, mjini Tabora. Kilijengwa na marehemu Gangaben, mfanyabiashara wa vitambaa, na sasa kiliongozwa na mjukuu wake, Dokta Urvi, mzaliwa wa hapohapo mjini. Wodi ya wazazi ilikuwa na vitanda kumi na viwili, chumba kimoja cha kujifungulia na wauguzi sita. Inchaji wa zamani alistaafu mwezi wa pili, na kila mtu alijua nafasi ile ni ya Bi Mwanamkuu.

Bi Mwanamkuu alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nne, Mmanyema wa mtaa wa Ng'ambo, ambaye wazee wake walifika Tabora na misafara iliyotoka Ujiji wakaamua hawaendi mbele tena. Alikuwa amezalisha kwa miaka ishirini na sita. Mikono yake ilikuwa na sifa mpaka Urambo. Aliweza kuweka kiganja juu ya tumbo akasema mtoto amelalia upande gani, na mashine ikija baadaye inasema vilevile. Recheli alipotoka chuoni, akiwa hajui hata asimame wapi wakati kichwa cha mtoto kinatokea, ni Bi Mwanamkuu aliyemshika viganja akamwonyesha. Lakini cheti cha Bi Mwanamkuu kilikuwa cha zamani na cha Recheli kilikuwa cha stashahada, na Dokta Urvi alifuata vyeti.

Bi Mwanamkuu hakununa. Siku ya kwanza alikuja na vitumbua kwenye bakuli, akamkumbatia Recheli mbele ya wote, akasema, "Mwanangu leo ndiye mkubwa wangu." Wakacheka, wakala.

Shida ya Bi Mwanamkuu ilikuwa mdomo na kiganja. Mwanamke akilia kwa uchungu, Bi Mwanamkuu alimuuliza kama alilia hivyo siku alipokuwa anavua nguo. Akiendelea kulia, alipigwa paja. Akibana miguu, alipigwa la pili. Sauti ya kile kiganja ilisikika mpaka kwenye benchi la nje walikokaa ndugu. Wanawake walitoka na watoto wao mikononi, wakamshukuru, wakaenda zao, na wengine walisimulia mtaani kama kichekesho. Wauguzi wenyewe walikuwa wakimuiga wakati wa chai.

Recheli hakuwa akicheka sana. Kila akisikia kofi lile aliinamisha kichwa na kuendelea kuhesabu pamba. Kwa miaka mitatu alijiambia yeye ni mdogo, si kazi yake kumsema mtu mzima. Sasa alikuwa inchaji na kisingizio kile kilikuwa kimekwisha.

Jumatatu moja mwezi wa tatu aliitisha kikao. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliandika maneno kwenye daftari, akayafuta, akayaandika tena. Kikaoni aliyasoma bila kuinua macho. "Naomba tujitahidi wote kutumia lugha nzuri kwa wazazi. Na tuepuke, tuepuke yale mambo mengine ambayo si mazuri."

Aliyeitikia kwa nguvu kuliko wote alikuwa Bi Mwanamkuu. "Inchaji amesema kweli kabisa," akasema. "Hasa nyie vijana. Mnawajibu wazazi ovyo na simu zenu mkononi." Akamtazama Raymundi, muuguzi kijana wa Nzega, na Raymundi akaweka simu mfukoni. Kikao kikaisha hivyo. Recheli alitoka, na alipofika chooni alijitazama kwenye kioo akajichukia.

Wiki iliyofuata alimfuata Bi Mwanamkuu peke yake kwenye stoo ya dawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umesimama kama mgeni?"

"Nilitaka kuongea na wewe kidogo." Recheli akashika rafu. "Mama, sisi wote hapa tumejifunza kwako. Kazi yako hakuna asiyeijua. Mimi mwenyewe nisingefika hapa bila wewe."

"Allah akubariki."

"Sasa nilikuwa nafikiria, wakati mwingine, wazazi wengine, hasa wale wadogo, wanaogopa. Kwa hiyo labda tungeona namna."

"Namna gani?"

Bi Mwanamkuu alimtazama kwa upole, akingoja, na upole ule ndio uliommaliza Recheli. "Namna ya kuwapa moyo," akasema.

"Basi nitawapa moyo," akajibu Bi Mwanamkuu, akampiga begani, akatoka na boksi la glovu. Recheli alibaki stoo akiwa amemsifu badala ya kumkosoa.

Na Raymundi naye alikuwa na lake. Mama akishajifungua, kwa saa mbili za kwanza anatakiwa kupimwa kila baada ya dakika kumi na tano: mapigo, presha, tumbo limekaza au la, damu inatoka kiasi gani. Raymundi alikuwa akizijaza karatasi zote kwa mkupuo mmoja, kalamu moja, mwandiko mmoja, namba nzuri zisizopishana. Recheli aliziona zaidi ya mara moja. Alimwandikia ujumbe kwenye simu: "Kaka naomba tuwe makini na fomu." Raymundi alijibu kwa kidole gumba.

Kabula aliletwa siku ya Alhamisi mwezi wa nne, saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa, Msukuma aliyeolewa na familia ya wakulima wa upande wa Kipalapala. Mama mkwe wake, Mama Agnetha, alimleta kwa bajaji, akaambiwa akae nje kwenye benchi. Ulikuwa uzazi wa kwanza. Kabula alikuwa mwembamba, mwenye aibu, na Kiswahili chake kilikuja polepole kwa sababu nyumbani kwao hakikuzungumzwa.

Recheli alimpokea mwenyewe, akampima, akamkabidhi kwa Bi Mwanamkuu, kisha akaenda ofisini kwa Dokta Urvi kumalizia ripoti ya mwezi. Hiyo ndiyo hesabu aliyokuja kuirudia kichwani mwake siku nyingi baadaye: kutoka chumba cha kujifungulia mpaka ofisini kwa Dokta ni hatua arobaini. Akiwa huko aliyasikia makofi. La kwanza, halafu la pili karibukaribu. Akainua kalamu. Dokta Urvi akamuuliza idadi ya waliojifungua mwezi wa tatu, naye akamjibu, akaandika.

Mtoto alizaliwa saa tatu na nusu, wa kiume, mwenye afya. Bi Mwanamkuu alimfunga kitovu, akamweka Kabula kwenye kitanda namba nne, kando ya ukuta, akamwachia Raymundi uangalizi, akaenda kwa mzazi mwingine.

Recheli alirudi wodini saa nne na dakika arobaini. Aliwapita wazazi akiwasalimia kimoyomoyo kama kawaida yake, na alipofika namba nne akaona Kabula amelala akitazama ukuta, mtoto pembeni yake, khanga imevutwa mpaka kidevuni. Midomo ya binti ilikuwa na rangi ya majivu. Recheli akamgusa mkono, ukawa wa baridi na maji. Akafunua khanga. Godoro lilikuwa limeshiba damu, na damu ilikuwa imeanza kudondoka sakafuni upande wa ukutani, mahali ambapo mtu anayepita katikati ya wodi asingeiona.

Hakukumbuka baadaye kama alipiga kelele. Alikumbuka kwamba alikuwa juu ya kitanda kwa goti moja, mkono wake ukisugua tumbo lililokuwa laini kama unga uliokandwa, na kwamba Bi Mwanamkuu alikuja mbio, akatazama mara moja, na bila kuuliza akachoma sindano ya kukaza mfuko wa uzazi, akatafuta mshipa kwenye mkono usio na mshipa akaupata. Dripu mbili zikatundikwa. Dokta Urvi akaja mbio, glovu ikiwa mkono mmoja tu. Ndani ya dakika ishirini tumbo likakaza na damu ikapungua, na gari la kituo likamchukua Kabula kwenda hospitali ya mkoa kuongezewa damu, Mama Agnetha nyuma na mtoto, akilia bila sauti.

Kabla ya machela kutoka, Recheli alimwinamia. "Kabula, mbona hukuita?"

Binti alifungua macho. Alihitaji muda kuyapanga maneno. "Yule mama alisema nikimsumbua tena atanionyesha," akasema. "Nikanyamaza."

Recheli alirudi ndani. Damu ilikuwa imemkauka mpaka kwenye viwiko. Kwenye kishubaka cha kitanda namba nne palikuwa na karatasi ya Kabula, akaichukua. Saa tatu na dakika arobaini na tano, mapigo themanini, tumbo limekaza, damu kidogo. Saa nne kamili, mapigo themanini, tumbo limekaza, damu kidogo. Saa nne na robo, saa nne na nusu, vilevile. Hata saa tano kasorobo ilikuwa imejazwa, na saa tano kasorobo ilipofika Kabula alikuwa anakufa mikononi mwao.

Bi Mwanamkuu alikuwa korido, ananawa kwenye karo mbele ya benchi la ndugu, Raymundi kando yake. Alikuwa akitikisa kichwa. "Hawa wa shamba bwana," alikuwa akimwambia Raymundi. "Mtu anatokwa na damu, anatazama ukuta tu. Hasemi."

Kitu kilichokuwa kimelala ndani ya Recheli kwa miaka ishirini na tisa kikaamka kikasimama.

"Hakusema kwa sababu ulimkataza."

Bi Mwanamkuu akageuka, maji yakimchuruzika. "Unasemaje?"

"Ulimpiga. Nilisikia kutoka ofisini kwa Dokta. Ulimwambia akikusumbua tena utamwonyesha. Kwa hiyo alilala pale akavuja damu kimya kwa saa nzima, kwa sababu alikuogopa wewe kuliko alivyoogopa kifo." Sauti ile haikuwa yake. Ilikuwa kubwa, ilikwaruza, na ilifika mpaka getini. Wazazi walitoka vitandani wakasimama mlangoni. "Kila siku unawapiga. Kila siku unawatukana. Wanakuja hapa uchi, wana maumivu, hawana pa kukimbilia, na wewe unawapiga kama ng'ombe. Wewe si mkunga, wewe ni mchinjaji."

Mzee mmoja kwenye benchi alivua kofia, akaivaa tena.

Bi Mwanamkuu alifunga bomba. Alifanya hivyo taratibu, akajifuta mikono kwenye gauni. Hakuinua sauti.

"Mwaka juzi, mwezi wa saba," akasema. "Yule binti wa Isevya aliyebana miguu. Nilimpiga mara nne. Nani alikuwa amemshika mguu?"

Recheli akatazama karo.

"Nakuuliza, inchaji. Nani alimshika mguu ili nimpige vizuri? Na ulipotoka hukusema, mama umekosea. Ulisema, mama asante, ningeshindwa peke yangu. Miaka mitatu unaona. Miaka mitatu unakula vitumbua vyangu. Leo ndiyo umejua mimi ni mchinjaji?"

Akapita katikati ya watu, akachukua mkoba wake, akaondoka zamu ikiwa haijaisha.

Dokta Urvi alimwita Recheli ofisini akafunga mlango. Alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa ya mtu anayewaza wateja. "Umemdhalilisha mtu mzima mbele ya wagonjwa," akasema. "Nusu ya wazazi wa mji huu wanakuja hapa kwa ajili ya mikono yake. Na mikono hiyohiyo ndiyo iliyomwokoa yule binti leo, uliona mwenyewe. Nenda kwake jioni, muombe radhi, mambo yaishe. Wote tumechoka."

Recheli alikuwa amekaa na mikono yake michafu mapajani.

"Nitamwomba radhi kwa neno moja," akasema. "Lile la mchinjaji. Na kwamba nilisema mbele ya watu. Yaliyobaki siyaombei radhi, Dokta. Nitayarudia, yeye akiwepo na wewe ukiwepo, na yataandikwa."

"Recheli."

"Hata wewe ulisikia makofi. Ukaniuliza idadi ya mwezi wa tatu."

Dokta Urvi alivua miwani akaiweka mezani. "Kesho saa tisa alasiri," akasema mwishowe.

Kabla ya kwenda nyumbani siku hiyo Recheli alimweka Raymundi kwenye kiti cha zamu, akaiweka ile karatasi mbele yake. Hakumwandikia ujumbe.

"Saa nne na robo ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa, nilikuwa hapa hapa, sista."

"Saa nne na robo ulikuwa wapi, Raymundi?"

"Nje. Nilikuwa kwenye simu."

"Saa nne na nusu?"

"Nje."

"Na hii ya saa tano kasorobo uliijaza saa ngapi?"

Raymundi aliitazama karatasi. Akaanza kulia, na Recheli akaona kwamba kilio kile hakimpi huruma, kinamwongezea hasira. Alimwacha alie. "Ungemgusa mara moja tu," akasema. "Mkono wake ungekuambia. Hii si fomu, ni uongo, na uongo huu ulikuwa unaua mtu. Kuanzia Jumatatu utapima nikiwa nimesimama nyuma yako, kila mzazi, kila dakika kumi na tano, mpaka nitakapochoka mimi. Na barua ya onyo utaipata. Nimekosa kukuambia haya mwezi wa pili nilipoona. Hilo ni langu. Haya mengine ni yako."

Kesho yake alasiri Bi Mwanamkuu alikuja amevaa baibui jeusi lililopigwa pasi, kama mtu anayekwenda mahakamani. Recheli alisimama. "Shikamoo mama." Bi Mwanamkuu aliketi bila kuitikia, na kwa mji ule, kwa mtu wa umri ule, kutoitikia shikamoo ni sawa na kutema mate.

"Jana nilikuita mchinjaji, mbele ya watu," akasema Recheli. "Nilikosea. Naomba unisamehe kwa hilo."

Bi Mwanamkuu akatazama ukuta.

Recheli akafungua karatasi. Mara hii hakuanza na sifa. Alisoma. Tarehe, saa, mzazi wa kitanda gani, maneno gani yalisemwa, alipigwa wapi, mara ngapi. Yalikuwa matukio tisa, yote aliyoyaona au kuyasikia mwenyewe tangu awe inchaji. Alisoma hata matusi, neno kwa neno, na masikio ya Dokta Urvi yakawa mekundu. Baada ya lile la tisa akasoma la kumi: "Mwezi wa saba mwaka juzi, binti wa Isevya, mara nne. Aliyemshika mguu ni mimi, Recheli."

"Hilo si lazima liwemo," akasema Dokta Urvi.

"Liwemo."

Bi Mwanamkuu akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mnajua mimi nilizaaje? Nilipigwa na mkunga wa kizungu, kwa rula. Alinipiga nikasukuma, na Najiat akatoka mzima. Mngekuwa na huyu wenu wa kubembeleza, mwanangu angefia njiani. Mimi nawapiga ili watoto watoke. Tangu lini mtu amepigwa paja akafa?"

"Jana ilibaki kidogo," akasema Recheli.

Feni ilizunguka juu yao.

"Najiat ana mimba," akaendelea Recheli. "Miezi sita, wodi nzima tunajua. Akija hapa utataka nani amzalishe?"

"Mimi mwenyewe. Nani mwingine?"

"Utampiga?"

Bi Mwanamkuu aliinuka ghafla, kiti kikagonga ukuta. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. "Usimtaje mwanangu kwa mdomo wako," akasema. "Mtoto wewe. Nilikufundisha kushika mkasi."

"Ulinifundisha, na nimeshukuru kila siku. Simtaji mwanao kwa ubaya. Nakuuliza utampiga?"

Bi Mwanamkuu akashika mgongo wa kiti. Kisha akasema, "Nipe hiyo karatasi nitie sahihi." Akatia sahihi kwa nguvu, kalamu ikatoboa.

Uamuzi ulikuwa onyo la maandishi na miezi miwili nje ya chumba cha kujifungulia, kwenye kliniki ya watoto, mzani na chanjo. Mjini habari zilienea kwamba kabinti ka Sikonge kamemfukuza Bi Mwanamkuu. Muuza kahawa wa jirani aliacha kumsalimu Recheli. Wauguzi wengine wawili walikuwa wakinyamaza anapoingia. Alikwenda nyumbani kila jioni amechoka kama mtu aliyelima, akalala bila kula, na asubuhi akaamka bado ana hasira. Na hasira yenyewe ilikuwa na pande mbili. Upande mmoja ulimwelekea Bi Mwanamkuu, mwingine ulimwelekea yule Recheli wa kwenye stoo, aliyeshika rafu na kusema namna ya kuwapa moyo. Kama angesema siku ile. Kabula aliongezewa chupa tatu za damu na akalala hospitali siku kumi na moja.

Wiki ya sita Kabula alikuja kliniki na mtoto, pamoja na Mama Agnetha. Alikuwa bado mwembamba lakini amesimama sawasawa. Alipanga foleni, zamu yake ikafika, akainua macho akamkuta Bi Mwanamkuu amesimama kando ya mzani na mikono imenyooshwa kumpokea mtoto.

Kabula akarudi nyuma hatua mbili. Akamkandamiza mtoto kifuani. Mama Agnetha akasema kitu kwa Kisukuma, cha kutuliza, na Kabula akamjibu kwa ukali ambao foleni nzima iliuelewa bila kuelewa maneno. Mtu akaenda kumwita inchaji.

Recheli alipofika, Bi Mwanamkuu alikuwa ameshusha mikono. Hakuwa akimtazama Recheli. Alikuwa akimtazama binti.

"Nilikupiga," akasema Bi Mwanamkuu. Alisema kwa sauti ya kawaida, mbele ya foleni. "Mara mbili. Na nilikuambia usinisumbue. Ungekufa kwa ajili ya maneno yangu. Nisamehe, mwanangu."

"Mimi si mwanao," akasema Kabula.

Mama Agnetha akaanza, "Kabula, mtu mzima akiomba," lakini binti alikuwa hajamaliza. Kiswahili chake mara hii hakikusubiri kupangwa.

"Nimesikia ulichosema. Mtoto wangu usimshike."

Bi Mwanamkuu akabaki amesimama. Recheli akasogea, akanyoosha mikono, na Kabula, baada ya kumpima kwa macho, akampa mtoto. Kilo nne na gramu mia saba. Recheli akaandika kwenye kadi, akamchoma chanjo yake, mtoto akapiga kelele ya kuziba masikio, na Kabula akamchukua akaondoka bila kuaga mtu.

Foleni ilipokwisha Bi Mwanamkuu alianza kufuta mzani. Recheli alikuwa bado yupo, anapanga kadi.

"Umefurahi?" akauliza Bi Mwanamkuu.

"Hapana."

"Nimesema ulichotaka niseme, na amenikataa mbele ya watu."

"Sikukutuma useme. Na yeye hana deni la kukukubali."

"Moyo wako umekuwa mgumu."

"Umekuwa mgumu, mama. Ndiyo."

Bi Mwanamkuu akafuta mzani mara ya pili, mahali palepale palipokwisha kung'aa. "Mimi nina hasira na wewe," akasema. "Nikilala, nina hasira. Nikiswali, ninayo. Usije ukadhani imeisha."

"Hata mimi," akasema Recheli.

Miezi miwili ilipotimia Bi Mwanamkuu alirudi chumba cha kujifungulia, zamu ya asubuhi. Recheli aliipanga ratiba mwenyewe, akajiandika zamu hiyohiyo, siku zote za wiki. Siku ya kwanza alikuwapo mama mmoja wa Cheyo, uzazi wa pili, mwenye kelele za kutosha mtaa mzima. Bi Mwanamkuu alivaa glovu, akageuka, akamkuta Recheli amesimama mlangoni na mikono nyuma.

"Unanichunga," akasema.

"Ndiyo mama. Nakuchunga."

Bi Mwanamkuu alimtazama kwa macho yasiyo na hata chembe ya upole wa zamani. Kisha akamgeukia mzazi, akaweka kiganja juu ya tumbo lake, taratibu, akamwambia mtoto amelalia kushoto.